Pampu ya Zege Chini ya Ukuta wa Kinu

Elphas alikuwa bingwa wa kuwatania watu wenye hofu. Leo mate yenyewe yalikuwa yamemkauka.

Walikuwa wamemtoa karakana ya Al-Sulay, Riyadh, yeye na pampu yake ya zege yenye mkono mrefu kuliko zote, hadi pwani kusini ya Jeddah. Huko kinu cha nyuklia kilikuwa kimelipuka na kurusha paa. Bwawa la kupozea fito za urani lilikuwa wazi juu, maji yanachemka na kupungua, na mkono wa pampu ya zege tu ndio ungefika kule kuyaongeza. Kafili wake, tajiri aliyemleta Saudia kwa kazi, alimwambia, "Utasimama mbali, rimoti mkononi. Yalla, kazi ya kukaa kivulini!"

Kivuli kilikuwepo kweli, ila taa ya rimoti iligeuka nyekundu, ikazima.

"Rimoti mafi, imekufa," Elphas alisema kwenye redio.

Ndani ya gari lililozungushiwa mabamba ya risasi ya kuzuia mionzi, Hamdun alikuwa akitazama joto la bwawa kwenye skrini. Alikuwa mhandisi aliyetumwa kukagua uharibifu, Mzanzibari aliyezaliwa Jeddah. "Ya waya huna?"

"Niko nayo. Lakini waya ni fupi, boss. Itabidi nisimame pale pale chini ya ukuta."

"Ndugu yangu, mie sikulazimishi," Hamdun akasema. "Lakini fito zikibaki bila maji zitawaka, na upepo unaelekea Jeddah. Mama yangu yuko Balad, mji wa kale kule, kagoma kutoka. Anasema ukimbizi wa utotoni, walipoikimbia Unguja, umemtosha."

"Na mke wangu Monicah anapikia watu huko Al-Malqa, Riyadh. Nimemwambia nakuja kumwaga zege ya hoteli."

"Muongo mkubwa weye!"

"Ningemwambia ukweli, angenifuata na mwiko."

Wakacheka. Kisha Elphas akaenda. Ndani ya lile vazi la plastiki jasho lilimtiririka mpaka kwenye viatu. Kipima mionzi kifuani kililia kama kifaranga, halafu kama vifaranga kumi. Akachomeka waya, akaunyanyua mkono wa pampu juu ya ukuta, akafungulia maji.

Kwenye zege, kuna mtu wa kushika mdomo wa bomba na kukuonyesha kwa kidole. Hapa nani angethubutu kupanda? Aliona anga tu, na maji yakimrudia mabegani.

"Unaosha ukuta!" Hamdun alipiga kelele. "Joto halishuki. Vuta kulia!"

"Kulia kwangu ama kwako?"

"Upande wa bahari! Bahari!"

Akavuta. Vifaranga vikawa mlio mmoja usiokatika. Miguu ilitaka kukimbia bila ruhusa yake, akaikaza.

"Bado. Mbele kidogo. Kidogo tena, Elphas."

"Nikifa nitakuja kukulalia kitandani kwako, umenisikia?"

Akasukuma mbele. Kinu kikanguruma. Wingu jeupe likaruka juu kama mlima ulioamka, ardhi ikatikisika, na Elphas akajua kimelipuka tena. Akaanguka magoti, amefumba macho, akimtaja Mungu kwa Kiluhya.

"Umelipata!" Sauti ya Hamdun ilikuwa ya kilio. "Huo mvuke, bwana! Maji yameingia! Joto linashuka! Iache ilivyo, itamwaga yenyewe. Toka!"

Elphas hakutoka. Alisikia kila neno, akaelewa, akauamuru mkono wake uiachie rimoti, nao ukakataa. Vidole vilikuwa vimeganda kama vya mtu mwingine.

"Elphas, toka! Zamu yako halas!"

"Siwezi," alinong'ona. "Mkono haufunguki."

Mlango wa gari la risasi ukafunguka. Hamdun, ambaye hakutakiwa kabisa kukanyaga pale, alikuja mbio akijikwaa ndani ya vazi lake, akapiga magoti mbele yake kwenye maji. Akaanza kumbandua vidole kwenye rimoti, kwanza kidole gumba.

"Nipe hiki," alisema. "Haya. Na hiki. Hebu nipe na hiki, ndugu yangu."