Ramani ya Kwenda kwa Mama

Wapiga pasi wa kwa dobi, wenzake mama yake, walimbatiza mtoto huyo Bi Maswali, na hakuwa amefikisha hata miaka mitano. Wiki tatu alikuwa akichungulia chekechea kupitia tundu la ukuta. Mbona viti vile vifupi? Mbona wanalala mchana na hawaumwi? Leo mama yake alimshika mkono wakaingia kabisa, maana ilikuwa siku ya mwisho ya kuandikisha.

Mwalimu alikuwa mpole. Fomu ndiyo iliyokuwa na roho ngumu. Ukurasa wa pili ulikuwa mtupu: mzazi achore njia ya kutoka shuleni hadi nyumbani. Ukutani zilining'inia ramani za wenzao, kila moja na kijumba chenye paa la pembetatu.

Mama alishika penseli mpaka vidole vikaloa jasho. Wiki hii walilala barazani kwa fundi viatu. Kesho, watajua hiyo kesho. Angechora paa la uongo, nani angejua? Akairudisha penseli mezani.

"Mwalimu, hatuna nyumba. Tunalala tunapopata."

Mwalimu akashusha pumzi. "Bila ramani siwezi kumpokea, dada yangu. Ndiyo utaratibu."

"Nyumba mnaitakia nini?" akauliza Bi Maswali, aliyekuwa ameshakalia kiti kifupi kukionja.

"Mtoto akiugua, tujue pa kumpata mama yake."

"Kwani mama zao wanashinda nyumbani?"

Mwalimu akazigeukia ramani. Juzi tu alimbeba mtoto mwenye homa, akafuata mistari hadi kwenye paa la pembetatu, akakuta kufuli.

"Mama yako anashinda wapi?"

"Kwa dobi. Kila siku, mpaka miguu inamvimba."

"Haya, nichoree."

Bi Maswali akachora geti, bomba linalovuja, mbwa, kisha mlango na mama mwenye mikono mirefu kuliko miguu.

"Na mbwa?"

"Hapo unapinda kushoto."

"Akihama?"

"Hahami. Ni mzee."

Mwalimu akajitanda mtandio. "Mama, tangulia kazini. Sisi wawili tutakuja kwa kuifuata ramani. Tukifika, nimempokea."

Mama akarudi kwenye pasi yake, macho mlangoni.

"Shoga, utaunguza kola ya watu," mwenzake akamwambia.

"Wamechelewa."

"Na yule mwanao? Labda anamhoji mwalimu kuhusu kila jiwe."

Shati la tatu lilikuwa mezani mvuke ulipogawanyika mlangoni na mwalimu akaingia na Bi Maswali, viatu vimejaa matope.

"Mbwa kahama," akasema, akihema.

Mama akaitua pasi. "Sasa mmefikaje?"

"Tuliona mvuke," akajibu Bi Maswali. "Mama, mbona mbwa mzee anahama?"

Mwalimu aliitandaza ramani kwenye meza ya pasi, akamfuta mbwa, akamkabidhi mtoto penseli.

"Chora mvuke. Mkubwa, hata mwalimu mwingine auone."