Nyumba Zisizo na Mgeni

Maxine Apiyo alibakiwa na siku tatu kabla ya tarehe ya mwisho. Pendekezo lake la utafiti lilikuwa limekataliwa mara mbili katika chuo cha ualimu alikosomea mjini Thika. Likikataliwa tena, angesubiri mwaka mzima kabla ya kuhitimu.

"Upweke mijini," Mwalimu Githae alisoma, kisha akavua miwani. "Maxine, hili ni gunia, si swali. Mji gani? Watu gani? Na vyanzo vyako vyote vinasimulia ng'ambo. Umewahi kukanyaga huko?"

"La, Mwalimu."

"Unakaa wapi?"

"Ruiru."

"Basi anzia Ruiru."

Kwenye lango la jengo alimopanga, mlinzi Nzioki alikuwa akimwandika mgeni daftarini: jina, nyumba anayoiendea, saa ya kuingia. Maxine alikuwa amelipita daftari hilo kila siku bila kulitazama. Alipata ruhusa ya msimamizi wa jengo, akarudi kuliomba.

"Unamtafuta bwana aliyekutoroka?" Nzioki akauliza.

"Nataka namba za nyumba tu. Majina siyataki."

"Sawa, madam. Lakini usinikunjie kurasa."

Alichora jedwali, akahesabu wageni wa miezi mitatu. Nyumba ya tisa ilipata thelathini na mmoja. Nyumba nne hazikupata hata mmoja, na mojawapo ilikuwa ya kumi na nne. Alirudia hesabu tangu mwanzo.

"Hiyo ni yako," Nzioki akasema kwa sauti ya chini. "Angekuja mtu, ningekumbuka."

Hata hivyo, daftari halikumwandika jirani anayebisha kuomba chumvi. Pengo hilo ndilo lililompa swali: wapangaji wasiotembelewa na watu wa nje humtegemea nani wanapougua? Chanzo cha kwanza kingekuwa daftari. Cha pili, mahojiano na wapangaji wa nyumba hizo nne.

Githae alisoma pendekezo jipya mara mbili, akatia sahihi.

"Sasa una swali. Ila nyumba ya kumi na nne iondoe. Mtafiti hajihoji mwenyewe."

"Umejuaje ni yangu, Mwalimu?"

"Umeiandika kwa herufi ndogo kuliko nyingine."

Jumamosi asubuhi alibisha hodi kwenye nyumba ya tatu. Redio ikapunguzwa.

"Nani?"

Alitaja jina lake. Mlango haukufunguliwa. Akaongeza kwamba yeye ni jirani, wa nyumba ya kumi na nne.

"Kumi na nne?" mwanamke akauliza nyuma ya mlango. "Kumbe kuna mtu huko?"