Ushuhuda wa Mzee Makokha

Mzee Makokha alikuwa amepona kisukari mbele ya kanisa zima, na hiyo ndiyo iliyokuwa shida. Wazee wenzake wa kanisa walimpaka mafuta na kumwombea kama Yakobo alivyoagiza katika waraka wake, naye akasimama kushuhudia, vigelegele vikapigwa. Huko kwao Bungoma, mtu akishashuhudia kuponywa, akionekana tena na dawa ni kama amemwita Mungu mwongo. Basi insulini akaiacha kwenye chungu cha maji alimokuwa akiipoza, na kidonda cha mguuni kikaanza kunuka.

Fridah, bintiye anayeuza mbegu Kitale, alifunga duka akaja. Hakuja kulia. Mzee aliyesoma Biblia hadi jalada likabanduka hatishwi na machozi, kwa hiyo bintiye alikuja na aya.

"Baba, Hezekia aliomba, Mungu akakubali kumponya. Mbona bado Isaya akaagiza tini ziwekwe kwenye jipu? Si hiyo ni dawa?"

"Na Mfalme Asa? Aliugua miguu. Miguu, Fridah! Akakimbilia waganga badala ya Mungu, akafa."

"Na Trofimo je?"

Mzee alipenda ubishi wa aina hii kuliko chai, na hata homa ikiwa mwilini alikuwa akitabasamu. Sasa tabasamu likamtoka. Paulo, ambaye leso zake tu ziliponya watu, alimwacha Trofimo, rafiki yake, mjini Mileto akiwa mgonjwa. Mzee akaufungua ukurasa mwenyewe, akasoma, akavua miwani.

"Kwani Paulo alikosa imani?" akauliza, kama anayejiuliza mwenyewe. "Hizi aya hazipatani, mama. Nimefundisha miaka yote nikiruka hii moja."

Fridah alimpenda kupita kiasi wakati huo. Ni wazee wangapi wa kanisa wangekubali kushindwa na binti yao, tena kwa Biblia yao wenyewe? Lakini alipomletea sindano, babake alitikisa kichwa.

"Nilishashuhudia."

Ndipo Fridah akatoa neno alilokuwa amelificha kwa kumhurumia. "Mama Sellah wa kanisani kwenu amezitupa dawa zake za presha, Baba. Anasema ati kama Mungu amekuponya wewe, yeye pia atamponya."

Mzee alikaa na Biblia mapajani mpaka chakula kikapoa.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Wakati wa ushuhuda ulipofika, alijikokota hadi mbele, akainama, akakunja suruali na kufungua kitambaa. Waliokuwa karibu walifunika pua.

"Bwana asifiwe. Nilisema nimepona. Sijapona. Nilitamani sana kupona, nikasema kabla ya wakati. Mungu hakudanganya, ni mimi nilikuwa na haraka."

Hakuna aliyesema amina. Mchungaji alitazama sakafu. Fridah aliona aibu kwa niaba ya babake, kisha aibu ikaisha, akabaki akilia kwa fahari tupu.

"Sellah, dadangu," mzee akaendelea, "tukitoka hapa naenda hospitali. Twende pamoja, wakupatie dawa zingine."

Sellah alisimama, mkoba ameukumbatia kifuani. Alikitazama kile kidonda kwa muda mrefu.

"Na ushuhuda wako, Mzee?"

"Si ndio huu," akajibu Mzee Makokha, mguu wake ukiwa wazi mbele ya kanisa zima.