Siku Mbili za Kihara

...na kama ni kidole tu cha mtu juu ya karatasi, mbona kinamchoma hivi, Rania anawaza, kidole cha Jackie chenye kucha fupi safi, kimetua pale chini kuliani kwenye mchoro wenye umbo la mti, ambapo vijitawi viwili vimechipuka kutoka kifundo kimoja, na Jackie anaendelea, kwa ile sauti ya upole ya watu wa utafiti, "hivi viwili, Mama Nabil, ndivyo vimekaribiana kuliko vyote, hiki cha juu ndicho tulitoa kwa damu ya mtoto wako," na mtoto mwenyewe, miezi kumi sasa, amelala mapajani pake mdomo wazi, jasho limemtoka shingoni kwa joto la mabati, hajui kwamba kuna mashine mahali ilikaa ikasoma kijidudu kilichotaka kumuua, herufi baada ya herufi, milioni tano na kidogo, ndivyo Jackie alivyosema alipoketi, na kati ya hiki cha Nabil na kile cha huyo mwingine tofauti ni herufi moja, moja tu... huyo mwingine. Jackie hamtaji, ameapishwa asitaje, karatasi nayo ina namba na tarehe basi, lakini Rania hahitaji kutajiwa, kwa sababu tarehe ni Jumatano ile, na Jumatano ile ni mtoto mmoja tu aliyetolewa damu wodini, alitolewa kichwani kwa kuwa mishipa ya mikono ilikuwa imejificha, na mama yake alishindwa kuangalia akamwambia Rania, niangalilie wewe. Kihara. Mtoto wa Nyawira. Nje wanawake wanagombania foleni kwenye kioski cha maji, sauti zinapanda zinashuka, Mashimoni hii ya Kibera iko vile inavyokuwa saa nne asubuhi, na yeye yuko hapa na chai ya mgeni inapoa, anasikia neno moja anaacha matatu, "...usugu, yaani dawa zile za kawaida zote zilikuwa zimekataa, ndio maana wako alibadilishiwa mara tatu..." ndiyo, mara tatu, ya tatu ikashika, kwa Nabil ikashika, kwa Kihara iliingia Ijumaa jioni na Jumamosi asubuhi hakukuwa na mtu wa kuingiziwa dawa.

Walilazwa kitanda kimoja, yeye na Nyawira, kichwa huku miguu kule, kwa kuwa vitanda vilikuwa vimeisha, Mnubi wa Kibera na Mkikuyu wa Kawangware, wageni kabisa, na usiku haujapita Nyawira keshamwambia, "wee, songa, hii si kitanda ya bibi na bwana," wakacheka hadi mishono ikawauma, watoto wao wamezaliwa Alhamisi moja, wote wawili wana manjano, wamelazwa chini ya taa moja ya buluu wamefungwa macho kama wazee wa usingizi, na Nyawira alikuwa na salon pale Kawangware, kituo cha 56, alishika nywele za Rania bila kuomba ruhusa akasema hizi ukizileta kwangu utatoka mtu mwingine... kisha Jumamosi Nyawira akaanza kutokwa na damu, damu ambayo haikutaka kukoma, wakamkimbiza chumba cha upasuaji mara ya pili, na akalazwa huko juu siku mbili, na Kihara akabaki chini ya taa, analia. Manesi walikuwa wawili kwa watoto ishirini na sita. Walimpa maziwa ya kopo kwa kikombe, akatema, wakampa tena, akatema, analia kwa ile sauti yake nzito isiyofanana na mwili wake, na maziwa ya Rania yalikuwa yanamwagika yenyewe kila akilia, yamelowesha leso, mwili haujui mtoto wa nani, mwili unasikia mtoto... "Mama Nabil, uko sawa? Naeza endelea?" Jackie anauliza. "Endelea tu." Alimnyonyesha. Hakuuliza mtu, angemuuliza nani, kwenye mlango palibandikwa karatasi kwamba mama hanyonyeshi mtoto asiye wake, na yeye aliisoma, anajua kusoma, akageuza mgongo upande wa mlango, akamtoa Kihara chini ya taa, akamweka titini. Jumamosi baada ya alasiri. Jumamosi magharibi. Jumapili alfajiri. Jumapili saa nne, na Jumapili adhuhuri, ambapo nesi, Sista Lenah, aliingia ghafla na Rania akajifanya anambembeleza. Mara tano. Na nyanya yake Mabrouka, Mungu amrehemu, alikuwa akiwaambia wasichana wa nyumba ile ya Makina, mkichezea maziwa yenu mjue mnachofanya, mara tano za kushiba huyo si wa jirani tena, huyo ni wako, ni ndugu wa wanao, hata kuoana hawaoani. Mara tano. Kihara alikuwa akishiba, alikuwa akiachia mwenyewe, anaanguka kando kama mlevi.

Na Jumatatu Nabil akashikwa na homa. Na Jumatano Kihara. Nabil kwanza, halafu Kihara, na katikati yao ni nani kama si yeye, ni mikono ya nani, ni kifua cha nani, miezi kumi amekuwa akizunguka swali hilo peke yake, mumewe Abdulhamid yuko barabarani na lori, akirudi anasema shukuru wako alipona, na mama yake naye anasema shukuru, kila mtu anamtaka ashukuru, na anashukuru, Mungu anajua anashukuru, lakini alizika mtoto bila kuzika, hakuna aliyeleta sukari, hakuna aliyekaa naye mkekani, hakuna aliyemwambia pole kwa sababu hakuna aliyejua anapaswa kupewa pole. Alimwona Nyawira akitoka mlangoni na mama mkwe wake, Mama Waruguru, leso imekunjwa vizuri mkononi na ndani yake hamna kitu, Nyawira akageuka akasema, "Mama Nabil, lea wako," na Rania alikuwa amefungiwa na Nabil katika chumba cha kutengwa, wanaoingia wamevaa glavu na aproni, hakuweza hata kumshika mkono... walipigiana simu baadaye, wiki tatu nne, sasa, poa, umekula, nimekula, hadi siku ile Nabil alipolia katikati ya mazungumzo, kilio kidogo tu cha njaa, na upande wa pili simu ikakatwa, na tangu siku hiyo Nyawira hashiki. Mara moja Rania alikwenda mpaka 56, akasimama ng'ambo ya barabara karibu na duka la rangi na mabati, akamwona kwenye mlango wa salon anasuka mteja na anacheka, akajiambia anacheka, kwa nini nimpelekee kilio, akarudi nyumbani. Lakini haikuwa hivyo. Aliogopa. Aliogopa Nyawira angemtazama na kujua.

"...sasa angalia hapa kwa shina," Jackie anasema, na kidole kimeondoka kwenye vile vijitawi, kimeshuka, Rania anakifuata kwa macho kwa sababu kumfuata mtu kwa macho ni adabu, "hizi tano hatukutoa kwa mtoto yeyote. Hizi tulitoa kwa sinki ya wodi. Miezi mitatu kabla ujifungue." Sinki. "Ni kile kile?" Rania anauliza. "Ni cha familia moja. Kilikuwa kinaishi pale chini, kwa bomba, kabla ya mtoto wako, kabla ya wote. Sinki ilishang'olewa." Kabla ya wote... na kitu kifuani kinataka kulegea, kinataka kukaa chini baada ya miezi kumi ya kusimama, basi si mimi, ni bomba, ni maji machafu yaliyokuwa yakinisubiri, lakini hapo hapo anaikumbuka sinki yenyewe, nyeupe, yenye ufa, na sabuni iliyofungwa kwa kamba, kwa sababu kila mara kabla ya kumchukua Kihara alinawa, mara zote tano, alinawa hadi viwiko kama anatia udhu, akisema mtoto wa watu huyu, nisije nikamletea uchafu wa Nabil, alinawa pale. Pale pale. "Kwa hivyo kilipita wapi," anauliza, "kutoka kwa sinki, mpaka kwa... nani alimpa nani?" Jackie anatikisa kichwa. Ni msichana mdogo huyu, anawaza, ana pete ya uchumba, bado hajui mambo ya wodi ile ila kwa namba. "Hiyo karatasi haiwezi sema. Hiyo tarehe ni siku tulichukua damu, si siku kiliingia. Inaweza kuwa maji, inaweza kuwa mkono wa nesi, wa daktari, wa mama. Ama mtoto kwa mtoto. Herufi moja inatuambia tu walikuwa karibu, Mama Nabil. Haituambii ni nani."

Walikuwa karibu. Eti mashine imesoma herufi milioni tano ikafika kwa jambo ambalo yeye angewaambia bure, walikuwa karibu, walilala taa moja, walishiba ziwa moja, na sasa imeandikwa, iko kwenye karatasi yenye muhuri, vijitawi viwili kifundo kimoja... "Na familia hiyo nyingine," anasema, "wameambiwa?" "Siwezi ongea juu ya mtu mwingine," Jackie anajibu, kisha kwa kuwa ana moyo mwepesi anaongeza, "lakini wiki hii tunafikia kila nyumba. Kesho niko Kawangware." Kesho. Kesho Nyawira ataketi hivi hivi, nyuma ya salon, mikono yake ina mafuta ya nywele, ataonyeshwa kidole hiki hiki, hiki cha chini ndicho cha mtoto wako, hiki kinachokaribiana nacho... atasoma tarehe, Jumatatu, na yeye pia hana haja ya kutajiwa. Atajua ni Nabil. Atawaza nini? Atawaza walikaribianaje kiasi hicho, na mimi sikuwepo, na ndiyo, hakuwepo, Jumamosi na Jumapili hakuwepo, alikuwa huko juu anaongezwa damu, aliporudishwa Jumapili jioni kwenye kiti cha magurudumu neno lake la kwanza lilikuwa, "alikunywa?" na Rania akasema, "alikunywa," na haikuwa uongo, lakini hakuwa amesema yote, na Nyawira akafumba macho akasema, "asante Mungu"... Alikunywa. Siku tisa ndizo alizoishi mtoto yule, na katika siku tisa mbili hazimo kwa mama yake, ni tundu, Nyawira lazima amezitafuta, mama gani asizitafute, lazima amelala chali akiuliza siku zile mbili mwanangu alikuwaje, nani alimshika, ama alilia tu peke yake chini ya taa mpaka akachoka... na jibu liko wapi? Liko hapa, Mashimoni, kwenye kifua cha mtu mmoja, miezi kumi limefungiwa kwa hofu ya lawama. Rania anashtuka. Miezi kumi amedhani anachomficha Nyawira ni kosa. Kumbe anachomficha ni mtoto wake.

"Uko na swali ingine?" Jackie anauliza. Mapajani Nabil anavuta pumzi ndefu, anazidi kuzama usingizini, mguu wa Rania umekufa ganzi na hathubutu kuusogeza, pale foleni mtu anacheka, chai imetanda utando juu. Leo, anawaza, si kesho, na si kwa simu ambayo Nyawira haishiki, ataamka huyu atambeba mgongoni, la, si huyu, huyu atamwacha kwa mama, atakwenda mikono mitupu, na hataanza na sinki wala na herufi, hatasema si mimi kwa sababu hajui kama si yeye, na hilo pia atalisema, hilo atalisema mwisho, Nyawira akitaka kumfukuza amfukuze akiwa amesikia yote, ataanza na Jumamosi baada ya alasiri, atamwambia alilia kwa ile sauti nzito mpaka mama mmoja akasema huyu atakuwa mhubiri, nikamchukua, Nyawira, nilimchukua mimi, alikuwa akishika kidole changu hiki cha pete huku ananyonya, akikibana akinyonya kwa nguvu na kukilegeza akipumzika, Jumapili alfajiri alifungua jicho moja, la kushoto, akanitazama muda mrefu kama mtu anayedai maelezo, kisha akalifunga, na alishiba, zote tano alishiba, siku hizo mbili mwanao hakulala na njaa hata mara moja.