Mawe Manne Ndani ya Mtumbwi

Masika ya mwaka ule yalinyesha mpaka vyura wenyewe wakachoka kuimba. Yalipokatika, maziwa matatu ya nyuma ya kijiji yalikuwa yameshikana, la kwanza limefungua njia kwa la pili na la pili kwa la tatu. Mwenye mtumbwi angeweza kupiga kafi kutoka mlangoni kwa Mize hadi karibu na pwani ya magharibi bila kulowesha unyayo. Ila humo ziwani hakukuwa na mwenye mtumbwi. Watu wa kijiji kile walikuwa watu wa bahari. Maji yasiyo na chumvi kwao yalikuwa maji ya kunywa, na yanayobaki ni ya viboko. Mtu aliyewaambia kwamba maji hayo nayo husafiriwa walimcheka mpaka wakashika mbavu.

Aliyewaambia hivyo alikuwa Matano, mume wa Mize, na sasa ulikuwa umetimia mwaka tangu alipotokomea na mtumbwi wake humo humo majini.

Matano hakuwa mzaliwa wa kisiwa kile cha Mafia. Aliletwa kutoka bara angali mtoto, akauzwa kwa wenye mashamba ya minazi, nao wakampa jina hilo la Matano kama mtu anavyompa jina punda. Alipopata hati yake ya uhuru kwa Wadachi waliokuwa wakitawala, aliikunja akaitia ndani ya kipande cha mwanzi, akakichomeka kwenye makuti juu ya kitanda. Kisha akashika shoka, akaangusha mfenesi, akachonga mtumbwi kama wa kwao. Kwao, alimwambia Mize, kulikuwa na mto, na mvua zikisha kukatika watu wote waliingia mitumbwini, wazee kwa vijana, kwenda kutazama mto umebadilisha nini. Basi kila mwaka, maji yakitulia tu, alimpakia mkewe akampeleka kutazama maziwa. Nchi kavu alikuwa mtu wa maneno ya kuhesabu, lakini mkalishe mtumbwini uone, hanyamazi! Siku moja kule ziwa la tatu alimtajia hata jina lake la utotoni, lile alilopewa na mama yake. Lilikuwa jina gumu, la kuviringa ulimi, na Mize alicheka. Matano naye akacheka, lakini hakulitaja tena.

Alikuwa na mambo mawili ambayo kijiji kizima kilimjua nayo. La kwanza, kiangazi kikianza aliulaza mtumbwi. Hakuupaka sifa, yale mafuta ya papa, wala hakuuvuta kivulini kama wafanyavyo wavuvi. Aliutia mawe manne, mawili omo kwa mbele na mawili tezi kwa nyuma, akauzamisha kwenye kina ili jua lisiupasue. "Tunaulaza," alisema. "Mvua zikirudi tunauamsha." La pili, kila alipokaribia nyumbani wakati wa alasiri aligonga ubavu wa mtumbwi kwa kafi mara tatu, ko, ko, ko. Ilikuwa kuwaambia viboko wapishe, na kumwambia Mize abandike chungu.

Na hodi hiyo ndiyo iliyokuwa ikimtesa. Matano alipotea, mtumbwi ukapotea, watu wakapita kingo zote wakiita mpaka sauti zikawakauka, wakasema kiboko amempindua. Lakini hazikupita wiki mbili kabla Mize hajasikia, alasiri kweupe, jua linawaka, ko, ko, ko. Akatoka mbio. Ziwa lilikuwa tupu. Tangu siku ile ilimjia mara kwa mara, na kila ilipomjia alitoka, na kila alipotoka aliomba maneno yale yale: Ya Rabi, naiwe ya mtu aliye mzima. Mwisho akawa anabandika chungu kabisa. Wali wa mtu asiyekuja aliula mwenyewe kesho yake asubuhi, umelala, hauna ladha.

"Hiyo si hodi, ni mzimu wa maji," kaka yake Shamte, mvuvi wa madema, mtu mpole mwenye shingo nene, alimwambia. "Wala mimi siisikii, na masikio yangu hayana nta."

Shida haikuwa mzimu peke yake. Mwalimu Mfaume, aliyekuwa akiamua mambo ya ndoa pale kijijini, alisema wazi kwamba mtu hafi kwa kupotea tu. Pasipo maiti, wala shahidi, wala dalili ya kutosha, Mize ni mke wa mtu, na atangoja miaka minne kamili. Hawezi kukaa eda, hawezi kuolewa, hitima haiwezi kusomwa. Na palikuwapo Hamdu, mjane, mtu wa heshima mwenye minazi yake michache, ambaye alikuwa hajatamka neno lolote lakini alikuwa akipita njia ya mbali ili apite mbele ya nyumba hiyo na kusema salaam aleikum. Mize alikuwa na miaka ishirini na sita. Alitaka kujua kitu kimoja tu, yeye ni mjane au ni mke.

Ndipo maziwa yaliposhikana tena, akamwambia kaka yake, "Nipeleke ziwa la tatu. Kiangazi hakufikiki kwa matope na viboko. Sasa kunafikika."

Shamte hakupenda, lakini alikuwa akimpenda dada yake. Alibeba mtumbwi wake mdogo kichwani kutoka pwani, akautia ziwani, na asubuhi moja yenye jua laini wakaondoka. Maji yalikuwa yametulia, rangi yake kama maji ya ukwaju, na mtu aliona chini mpaka kwenye mizizi. Mayungiyungi yalikuwa ndiyo kwanza yanachanua. Walipita juu ya majani ambayo mwezi mmoja nyuma mbuzi walikuwa wakiyala, na Mize alikumbuka jinsi Matano alivyokuwa akifurahia jambo hilo hilo, kupita juu ya malisho ya mbuzi. Kijiti kilipokwaruza ubavu wa mtumbwi, aligeuka upesi kutazama nyuma.

Mwisho wa ziwa la tatu, chini ya mkindu ulioinamia maji, alisema, "Kaka, simama."

Mtumbwi wa Matano ulikuwa chini pale, umekaa wima juu ya matope, mzima, haukupinduka. Omo yake imeelekezwa nyumbani. Ndani yake mlikuwa na mawe manne, mawili mbele na mawili nyuma, na juu ya mawe ya nyuma kafi imelazwa.

Shamte alivua kanzu akajitosa. Alitoa jiwe moja moja, akampa dada yake, naye akayapokea mapajani. Yalikuwa mawe ya pwani, yale yenye matundu, yameshikwa na maganda ya chaza. Maziwa yale hayana mawe. Chini ni tope tupu, na jiwe la kuponda hata karafuu lazima mtu alifuate baharini. Pwani ya magharibi ilikuwa mwendo wa kupika chungu cha mihogo kutoka hapo. Mtu alikwenda, akachukua jiwe, akarudi, na mawe yenyewe hayachukuliki mawili kwa pamoja. Safari nne. Mara nne alisimama pale pwani ambapo vyombo vya bara hupakia magogo, na mara nne akarudi kuulaza mtumbwi wake vizuri. Na hakumwachia mkewe hata neno.

"Mawe haya yametoka wapi?" Mize aliuliza.

Shamte alikuwa ameshika ubavu wa mtumbwi, maji yanamchuruzika machoni. Hakumtazama. "Maji ya masika hukokota kila kitu," alisema. Kisha akainua sauti, "Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Dada yangu, pole. Mumeo alizama hapa."

Mize alikuwa na neno mdomoni. Alilihisi kabisa, limekaa juu ya ulimi. Akalimeza. Hasira ilikuwa imempanda mpaka kwenye nywele, na hasira ile ndiyo iliyosema badala yake, "Pole na wewe, kaka."

Alipofika nyumbani alipanda juu ya kitanda, akatia mkono kwenye makuti. Mwaka mzima alikuwa hajathubutu kutia mkono pale. Kipande cha mwanzi chenye hati hakikuwepo.

Mwalimu Mfaume alikubali kwamba mtumbwi uliozama ni dalili. Ikaswaliwa swala ya maiti asiyekuwepo, ikasomwa hitima, watu wakala wali wakamtaja marehemu Matano kwa wema ambao akiwa hai hawakumpa. Mize akaingia eda, miezi minne na siku kumi. Matatu kati ya mawe yale aliyafanya mafiga, na la nne akaegemezea mlango. Ukimuuliza kwa nini hakuyatupa, hangekujibu, na mimi simlaumu.

Ajabu ni kwamba hodi ilikoma. Tangu mtumbwi ulipokokotwa ukaletwa na Shamte, ukapinduliwa juani karibu na mlango, kwa desturi ya wavuvi, Mize hakusikia ko hata moja. Akaanza kulala vizuri, akaanza hata kujiambia kwamba labda kweli masika hukokota kila kitu. Kiangazi kikawa kikali, maziwa yakaachana, tope likapasuka vipande. Siku zilihesabika zikaisha.

Siku ya kutoka edani alioga, akavaa kanga mpya, akapaka wanja. Hamdu angekuja alasiri pamoja na Mwalimu kuzungumza na Shamte. Mize alikuwa ameinama anachochea moto chini ya chungu, juu ya mafiga yale, aliposikia nje.

Ko.

Akainua kichwa.

Ko. Ko.

Kuni ilimtoka. Mwaka mzima alikuwa ameomba hodi ile iwe ya mtu aliye mzima. Sasa maneno yaliyomtoka yalikuwa mengine: Ya Rabi, naiwe ya mzimu. Ya Rabi, naiwe ya mfu. Alijisikia mwenyewe anavyoomba, akaona haya mpaka akafunika uso na kanga. Alikuwa hajawahi kumwogopa Matano alipomdhani maiti. Alimwogopa sasa, kwa kuwa alijua yu hai.

Akatoka. Hapakuwa na mtu. Mtumbwi ulikuwa juani umepinduliwa, na kutoka omo hadi katikati ulikuwa na ufa ambao asubuhi haukuwepo. Alipokuwa akiutazama mti ulilia tena, ko, na ufa ukasogea upana wa ukucha.

Alicheka kwanza. Ni mti tu, jamani, mti unapasuka! Halafu akatia vidole ndani ya ufa, akaacha kucheka. Miaka yote Matano alikuwa akiulaza majini ili jambo hili lisitokee. Mtu haulazi mtumbwi asiokusudia kuuamsha. Aliulaza, akauelekeza nyumbani, akaweka kafi yake ndani. Hakumwachia mkewe neno kwa mdomo kwa sababu nchi kavu hakuwa mtu wa maneno. Neno lake alilipanga kwa mawe mahali ambapo ni Mize peke yake angeweza kulisoma, na Mize alilisoma akalimeza. Alikaa chini kwenye mchanga wa moto akalia kuliko alivyolia siku zote za eda.

Shamte alimkuta hapo. "Mize! Wageni wamekwisha keti. Una nini?"

"Kaka, mawe yale uliyatoa kwa mikono yako. Mtu anayezama hupata nafasi ya kupanga mawe, mawili omo na mawili tezi?"

Shamte aliugusa ufa kwa kidole. Kisha akasema taratibu, "Na mimi nina macho, dada yangu. Nilidhani wewe hukuyaelewa. Nikasema moyoni, bora uwe mjane wa mtu mwema kuliko kumngoja mtu aliyekwenda kwao."

"Kumbe tulinyamaziana."

"Tulinyamaziana."

Aliinuka, akajipangusa mchanga, akaingia ndani akasimama mbele ya wageni. Wanja ulikuwa umemtiririka mashavuni. Alisema yote, mawe, kafi, mwanzi usiokuwepo, na unyamavu wake mwenyewe. Unyamavu wa kaka yake hakuutaja. Hamdu alisikiliza ameinamisha kichwa. Alipokwisha kusikia alisimama, akasema, "Mungu akupe subira, bibi," akavaa viatu vyake akaondoka. Mtu mwema kweli. Mize aliumia kwa ajili yake pia.

Mwalimu Mfaume alikaa akichezea tasbihi. Mize alingoja ghadhabu, lakini mzee yule alionekana amechoka tu.

"Hitima tuliyomsomea mtu aliye hai haitamdhuru," alisema mwishowe. "Wewe ni mke wa mtu, basi, na mke ana haki ya kutafutiwa mumewe. Vyombo vya magogo vinakwenda bara kila mwezi. Nitawapa manahodha barua, waulize huko mitoni, kijiji kwa kijiji, kwamba mkewe anamngoja." Akavuta karatasi na kalamu ya unyasi kutoka kwenye mkoba wake. "Lakini Matano ni jina la huku, huko kwao hawalijui. Atakuwa amerudia jina lake. Anaitwa nani?"

Mize alifungua kinywa.

Aliliona ziwa la tatu. Aliyaona mayungiyungi, na maji ya rangi ya ukwaju, na Matano amegeuka na kafi mapajani, midomo yake inalitamka lile jina. Alijitahidi kulisikia. Mwalimu alikuwa ameshachovya kalamu, anangoja, wino unakusanyika nchani. Kitu pekee kilichomrudia Mize masikioni kilikuwa kicheko chake mwenyewe.

"Niache kidogo, Mwalimu," alisema. "Nitalikumbuka."

Huko nje mtumbwi ulilia tena.