Hitimisho Hutoka Ikulu

Nchi ya Mabwawani haikukosa utafiti, na hilo msomaji alishike tangu mwanzo, asije akadhani nasimulia habari za wajinga. Mfalme Kiboko alikuwa amejenga Nyumba ya Utafiti yenye vyumba sitini, paa la vigae na bustani ya maua mbele. Humo walikaa wanyama wasomi wa kila fani: wa udongo, wa maji, wa magonjwa, wa madaraja, wa ngoma na mila. Kila mmoja alikuwa na meza yake, taa yake na joho la kijani. Wageni kutoka nchi jirani walipitishwa humo wakashangaa, wakarudi kwao kuwasema wafalme wao.

Desturi ilikuwa moja tu. Hitimisho lilitoka ikulu. Kila masika yalipoanza, tarishi alileta bahasha zenye lakiri ya Mfalme, moja kwa kila mtafiti, na ndani yake mlikuwa na sentensi ya mwisho ya kitabu ambacho mtafiti huyo angekiandika mwaka huo. Kazi ya msomi ilikuwa kuanzia kwenye sentensi hiyo na kurudi nyuma, akiitafutia ushahidi. Kobe aliwahi kupewa sentensi iliyosema kwamba barabara ya kusini imekamilika. Alitembea miezi minane akiitafuta barabara hiyo, na alipoikosa akaandika kurasa mia nne kuhusu uimara wake. Akapandishwa cheo. Kicheche naye alithibitisha kwamba maji ya bwawa la Mfalme, ambamo Mfalme alioga na kujisaidia, ni matamu kuliko yote nchini. Wale wa chini ya mto, walioyanywa, hawakuulizwa.

Usicheke sana. Mimi nilicheka mwanzoni, na sasa kicheko kimeniisha.

Mkuu wa Nyumba hiyo alikuwa Korongo, ndege mrefu, mpole wa maneno, asiyepandisha sauti hata siku moja. Ujanani aliwahi kufanya utafiti wa kweli kuhusu visima, na visima viwili alivyoelekeza vichimbwe vilikuwa bado vinatoa maji. Ndiyo maana nina kinyongo naye kuliko wote. Mjinga husamehewa, lakini Korongo alijua kweli inafananaje, akaiacha kwa ajili ya joho.

Mwaka ambao mvua zilikatika, Mfalme aliamuru mahindi ya Ghala Kuu yagawiwe vijijini. Ghala hilo lilijengwa na Ngiri, shemeji yake Mfalme, naye aliliacha upande wa magharibi bila paa, hivyo masika mawili yalikuwa yamenyesha juu ya magunia. Bahasha ya mwaka huo ilimwangukia Bibi Buku, panya mkubwa wa mashambani, mtafiti wa nafaka, ambaye pua yake ilijua mambo mengi kuliko macho ya wenzake. Sentensi yake ilisema: mahindi ya Ghala Kuu ni salama, na huongeza nguvu za mwili.

Buku akafanya jambo ambalo Nyumba haikuwa imelifanya kwa miaka thelathini. Alikwenda kuangalia kama ni kweli.

Alichukua bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji ambacho wapima nafaka huchomea gunia ili kutoa punje za ndani bila kulifungua, akachoma magunia mia mbili. Punje za juu zilikuwa nyeupe. Za ndani zilitoka zimeshikana, zina rangi ya kijani, na harufu yake ilimfanya arudi nyuma. Ilikuwa sumukuvu, sumu ya ukungu inayokula ini polepole. Akauliza kama yapo magunia yaliyokwisha kutoka. Mlinzi akamwambia shehena ya kwanza ilipelekwa Bondeni mwezi uliopita.

Huko Bondeni alimkuta Mama Digidigi. Alikuwa na watoto watatu; wa kwanza alikuwa amekwisha kufa, na wa pili alikuwa amezikwa jana yake. Wote wawili macho yaligeuka manjano, matumbo yakajaa, kisha wakaacha kula. Wa tatu, mdogo, alikuwa mgongoni na bado mzima. Buku alimweleza habari ya sumu hiyo na kumsihi asimpe mtoto mahindi yale tena.

"Nimekuelewa, dada," Mama Digidigi akasema. "Sasa niambie nimpe nini."

Buku alifungua mkoba wake, akampa mtama wote aliokuwa amebeba wa safari, akarudi mjini na njaa.

Baraza la Nyumba lilikaa asubuhi iliyofuata, Korongo kwenye kiti cha mbele na Ngiri pembeni yake kama mwakilishi wa ikulu. Buku alimwaga punje mezani. Wasomi wakaziba pua. Alieleza habari za magunia, za paa na za makaburi mawili ya Bondeni, akaomba ugawaji usimamishwe siku hiyohiyo.

Korongo alimsikiliza kwa adabu hadi mwisho. "Bibi Buku, kazi yako ni nzuri sana," akasema. "Kasoro yake ni moja. Haikubaliani na hitimisho."

"Basi hitimisho si kweli, Mheshimiwa Mkuu."

Ngiri ndiye aliyekiokoa kikao, kwa kuuliza ni magunia mangapi kati ya yale mia mbili yaliyokutwa na sumu. Buku akajibu mia moja sitini na matatu. Ngiri akasema kumbe thelathini na saba ni safi, na karani akaandika hivyo. Kuhusu watoto wa Bondeni, Korongo alisema kwa masikitiko kwamba vifo hivyo havikuletwa mbele ya baraza kwa utaratibu. Nimeirudia sentensi hiyo mara nyingi kichwani, na kila mara nataka kumshika yule ndege shingo.

Buku alikataa kusaini. Akafungiwa kwenye stoo ya Nyumba, katikati ya majoho mabovu, na kitabu chake kikamaliziwa na Korongo mwenyewe. Kilikuwa kitabu kizuri, chenye majedwali na michoro. Kilisema kwamba magunia yote thelathini na saba yaliyokubaliwa na baraza yalikuwa safi kwa asilimia mia moja, na hivyo mahindi ya Ghala Kuu ni salama, na huongeza nguvu za mwili.

Siku ya kusomwa kwa vitabu, Mfalme alikaa kwenye matope yake ya heshima akisinzia. Kilipofika kitabu cha nafaka, akafumbua macho. Sasa hapa ndipo lilipotokea kosa ambalo nchi nyingine isingeweza kulifanya. Mfalme alikuwa ametoa mahitimisho mengi, kwa miaka mingi mno, hata hakukumbuka tena lipi lilitoka kwake. Alisikia tarakimu, akasikia majedwali, akaamini.

"Kumbe tunayo mahindi ya namna hii," akasema, "na mimi bado mnanilisha majani?"

Akaamuru ayapikiwe kila siku, asubuhi na jioni. Ngiri alimtazama Korongo. Korongo alitazama miguu yake. Neno moja lingemwokoa Mfalme, lakini neno hilo lingekuwa kwamba kitabu ni cha uongo, na kwamba hata vile vya miaka thelathini vilikuwa hivyohivyo. Wote wawili wakainamisha vichwa, wakampongeza kwa uamuzi wa busara.

Alikula mwezi mzima, naye Kiboko hakuwa mlaji mdogo. Macho yakageuka manjano. Tumbo, ambalo daima lilikuwa kubwa, likawa gumu. Waganga kumi na wawili wa Nyumba waliitwa wakajipanga kando ya kitanda wakiwa na kalamu na karatasi, na hakuna aliyemgusa mgonjwa. Mfalme aliwauliza ni kitu gani kinachomuua.

"Tuko tayari kabisa, Mtukufu," Korongo akajibu. "Tunasubiri hitimisho tu."

Waliokuwapo wanasema Mfalme alitaka kukasirika lakini nguvu hazikumtosha. Mwishowe akawaambia waandike kwamba anapona. Wakaandika. Walikuwa wamefika ukurasa wa themanini alipokata roho.

Ungetegemea mambo yaishie hapo. Hayakuishia. Siku tatu baada ya mazishi, magunia yalitolewa nje ya Ghala Kuu tayari kwa safari ya vijijini, na Korongo akasimama mbele ya umati uliokuja na vikapu vitupu. Alisoma kitabu cha nafaka kwa sauti yake ileile ya upole. Mama Digidigi alikuwa mstari wa mbele. Mtama ulikuwa umekwisha zamani, na mtoto akilia njaa mama hupika alichonacho. Macho ya yule mdogo mgongoni yalikuwa yameanza kubadilika rangi.

Alikwenda kwenye gunia lililo wazi, akazamisha mkono hadi ndani kabisa, akatoa konzi ya punje za kijani, akamnyooshea Korongo.

"Kula, Mheshimiwa."

Korongo alisema hakuwa na njaa. Mama Digidigi akarudia neno lake, taratibu, mkono ukiwa bado umenyooka. Korongo akasema utaratibu hauruhusu. Mnyama yule aliyesoma kuliko wote aliziangalia punje, akaangalia kitabu chake, na hakula.

Hakuna aliyehitaji kusomewa zaidi. Ghala liliwaka hadi alasiri, na wenye njaa ndio walioliwasha, wakijua watakula mizizi mwaka mzima. Ngiri alikimbilia nchi jirani. Korongo alivuliwa joho akapelekwa Bondeni kuchimba kisima. Umati ukataka kuichoma na Nyumba ya Utafiti, lakini Buku, aliyekuwa ametolewa stoo, akasimama mlangoni akawaomba waiache.

Mama Digidigi alipita kati yao akaingia ndani. Alitazama rafu zilizojaa kutoka sakafuni hadi darini.

"Humu mna vitabu vingapi, dada?"

Buku akamwambia elfu kumi na moja.

"Kipo kinachosema mwanangu atibiwe vipi?"

Buku alizijua rafu zote. Hakujisumbua kutafuta. "Hakuna, mama," akasema. "Niliomba kukiandika miaka mitatu iliyopita. Nikajibiwa kwamba ugonjwa huo haupo."

Mama Digidigi alimfungua mtoto mgongoni, akasukuma majedwali ya Korongo kando, akamlaza juu ya meza.

"Basi anza," akasema.

Mtoto alikuwa bado anapumua.