Mama Nibigira, Mteja wa Majaribio

Siku Rodrigue alipokuja Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, kumtafuta Igiraneza, mfuko wa shati lake ulikuwa umejaa flashi, na karibu zote zilikuwa na virusi. Alizimwaga mezani kama mtu anayemwaga maharage ya kuchambua, akakaa, akajifuta vumbi usoni.

"Dada Igiraneza," alisema, "banasema we njo unajua kutengeneza site. Nisaidie. Hizi bintu zitaniua."

Rodrigue alikuwa mtu wa Bukavu, aliyesomea hesabu. Sasa aliishi Nsungwi, kule Lilongwe, na alikuwa ameandika programu ya kompyuta kwa ajili ya mafundi cherehani. Unaingiza vipimo vya mtu, kifua, kiuno, urefu wa mkono, nayo inakuchorea jinsi ya kukata kitambaa. Mafundi waliipenda. Taabu ilikuwa kuwafikishia. Kila alipoirekebisha, ilimbidi azunguke nayo mkononi, mtaa wa Mtandire, Nsungwi, mpaka kambini, na kila kompyuta aliyoichomekea flashi ilimpa virusi vyake aende navyo kwa jirani.

Igiraneza alikuwa amejifunza kazi ya tovuti hapo hapo kambini, na mpaka siku ile alikuwa amezitengenezea kwaya na makanisa tu. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamweleza. Wangetumia Drupal, mfumo wa kuendesha tovuti ambao ni wa bure, na mtu yeyote anaruhusiwa kuufungua ndani na kuugeuza apendavyo. Kila fundi angekuwa na jina lake na neno lake la siri. Akiingia, angekuta toleo lake la programu na kulipakua mwenyewe. Akikwama, angeandika ombi la msaada na kujibiwa.

"Na hizi flashi?"

"Utapa batoto bachezee."

Rodrigue alicheka. Kicheko chake kilichelewa kidogo, kama kilichoomba ruhusa kwanza, na Igiraneza alijikuta akitamani kukisikia tena.

Rodrigue akarudi Lilongwe, Igiraneza akabaki na kazi. Tovuti ilipoanza kusimama, ilihitaji mteja wa kuijaribu, maana aliyeijenga anajua kila mlango ulipo na hawezi kupotea hata akitaka. Wakakubaliana kwa simu kumbuni mtu. Rodrigue ndiye aliyempa jina: Mama Nibigira, fundi wa Mtandire, hana subira. Kazi ya Rodrigue ilikuwa kuingia kama Mama Nibigira na kulalamika. Kazi ya Igiraneza ilikuwa kujibu kama ofisi.

Ombi la kwanza lilifika asubuhi. "Mi ni Mama Nibigira. Nimebonyeza mpaka kidole kinauma. Hiyo programu munaificha wapi?"

Igiraneza alicheka peke yake mpaka mama yake, Thacienne, akachungulia mlangoni kuona kuna nini. Lakini alipoifungua tovuti kwenye simu, aliona kweli: kitufe cha kupakua kilikuwa kimesukumwa chini kabisa, nje ya macho. Akakipandisha juu. Akaandika, "Mama Nibigira, tumesikia. Jaribu sasa. Pole na kidole."

Mama Nibigira hakutulia. Alisema bando lake limekatika katikati na kila akiongeza, programu inaanza kushuka upya kama haimjui. Hilo lilimtoa Igiraneza jasho. Alihangaika nalo siku kadhaa mpaka upakuaji ukaweza kuendelea pale ulipoishia. Mama Nibigira akaandika kwamba sasa hata yeye ameanza kuiamini ofisi. Kisha, chini yake: "Huyu anayenijibu, amekula?"

"Ofisi imekula nsima na maharage," alijibu Igiraneza. "Na mama?"

"Mama alipika fufu, lakini imeungua ju alikuwa anasoma majibu ya ofisi."

Tangu hapo hitilafu zilipungua, ila maombi hayakupungua. Igiraneza alijiambia ni kazi. Hata hivyo alikuwa akiiwasha laptopu kabla ya kunawa uso, jambo ambalo Thacienne aliliona na kulinyamazia.

Tovuti ilipokaribia kufunguliwa, likaja ombi hili: "Mama Nibigira ana kijana. Si mulevi. Anaimba bass, lakini vibaya. Anataka kuuliza kitu na kwa simu anaogopa. Anauliza kama siku moja anaweza kuya Dzaleka bila flashi, kuona tu yule anayejibu."

Igiraneza alilisoma, akafunga laptopu, akachukua ndoo kwenda kuteka maji ilhali maji yalikuwepo. Alirudi, akaandika jibu, akalifuta. Akaandika lingine, nalo akalifuta. Alitaka maneno yaliyo sawasawa, na hayakuja. Tovuti ikafunguliwa, mafundi wakapewa majina na maneno yao ya siri, na lile ombi likabaki palepale bila jibu. Rodrigue hakuuliza. Simu zake zikawa fupi, za kazi tu, na heshima nyingi.

Siku chache baadaye namba ngeni ikampigia Igiraneza.

"Ni ofisi?" aliuliza mwanamke mwenye sauti ya kukwaruza.

"Ndiyo, mama."

"Mi ni Gertrude, fundi wa Mtandire. Programu nimeipakua, iko muzuri, zikomo, aksanti. Ila niko na swali." Akakohoa. "Ule kijana wa Mama Nibigira, mulimujibu ao bado?"

Igiraneza aliona masikio yake yanawaka moto. "Mama... hayo umeyasoma wapi?"

"Kwenye site! Shiye bote tunasoma. Tena huku Mtandire tumetafuta huyo Mama Nibigira kila barabara, hakuna anayemujua."

Igiraneza alikimbilia laptopu. Kwenye ukurasa wa ruhusa, mahali ambapo mteja hupewa haki ya kuona maombi yake mwenyewe, yeye alikuwa ameweka alama kwenye kisanduku cha chini yake, kile cha kuona maombi yote. Mafundi walikuwa wamesoma kila kitu, kidole, fufu, bass. Na walikuwa wamejibu, chini ya lile ombi ambalo yeye hakuthubutu kulifungua tena. "Ofisi, musicheleweshe mutoto wa bantu." "Kama anaimba vibaya, kwaya yetu iko na nafasi." Mmoja alikuwa ameshajitolea kushona gauni la arusi.

Aliiondoa ile alama, kisha akampigia Rodrigue. Hakutafuta maneno tena.

"Rodrigue, nimekosa. Bateja bako bameona yote. Nimekuaibisha."

Kikaja kile kicheko, kimechelewa kama kawaida.

"Umeshafunga?"

"Nimefunga."

"Sasa batajuaje jibu?"

"Jibu si la bateja."

"Ni la nani?"

"La Mama Nibigira," alisema Igiraneza. "Mwambie kijana wake aje Jumapili, baada ya ibada. Na asiimbe."

Jumapili Rodrigue alishuka kwenye kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, ameshika mche wa sabuni na mfuko wa sukari. Thacienne alimkaribisha, akampa kiti kizuri, akaanza kumhoji taratibu: kanisa lake, watu wake, walikopitia njiani. Mwisho akauliza, "Na huyu Mama Nibigira ninayemsikia hapa kila siku, ni mama yako?"

Igiraneza aliinamisha kichwa, akingoja aibu impite. Lakini Rodrigue hakucheka.

"Jina nimelitunga, mama," alisema. "Lakini mama yangu alikuwa fundi, kule Bukavu. Tulimuzika kule. Vile Mama Nibigira anaongea, kulalamika kwanza, kisha kuuliza kama umekula, njo vile aliongea. Mi sikupanga. Nikianza kuandika, ni yeye anakuya."

Igiraneza alimtazama, na miezi ile yote ikajipanga upya kichwani mwake. Kumbe alikuwa ameshatambulishwa kwa mama yake Rodrigue.

Thacienne aliinuka, akajipakulia chakula kidogo, akampakulia mgeni kingi. "Kula, mwanangu," alisema. "Alikulea vizuri."

Jua lilipopungua ukali, Igiraneza alimsindikiza Rodrigue mpaka barabarani. Walitembea polepole, wakizungumza habari za fundi mmoja wa Salima aliyeomba programu kwa Chichewa, na jinsi ya kuwapangia wateja lugha zao. Dereva wa kabaza aliwaita. Rodrigue alimpungia mkono apakie mwingine, na wakaendelea kutembea.